Rangi ya Kumi na Mbili

Lango la Zahanati ya Macho lilimwangalia shangazi yangu kuanzia kilemba hadi kandambili, likafikiri kidogo, kisha likasema kwa ile sauti yake ya adabu inayowafanya watu watamani kulipiga mawe:

"Samahani, mama. Hujatimia."

Shangazi Leokadia akaliambia kwamba ana miaka sabini na moja, amezika mume, amepaka rangi nusu ya maduka ya Morogoro, na kama mpaka leo hajatimia basi hatatimia tena. Lango halikubishana naye. Malango hayabishani, ndiyo ubaya wake. Liliongeza tu kwamba vimebaki vichwa kumi na vinane.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika karatasi zake za vipimo, nimevaa koti langu la njano la kazi, lile ambalo watu wa Kihonda nzima wakiliona wanajua kwamba mfuatishaji anapita. Niliposikia kumi na vinane, nikaanza kuhesabu. Kumi na vinane ukijumlisha na kichwa cha shangazi ni kumi na tisa, na kumi na tisa ndio waliokuwa akina mama wa kikundi cha Tupendane kwenye picha ya harusi ya Jumamosi. Picha ile niliifuatisha mimi, nikaifunga kwa muhuri mimi, na kwa ajili yake nikala sahani mbili za pilau.

Niseme kazi yangu ni nini, maana hata jamaa zangu wanadhani nachora katuni. Tangu mitambo ya angani ilipozidiwa na picha za watu wakila chipsi, sheria inasema picha ya mwanga inaishi siku saba tu, kisha inafutwa. Ukitaka ibaki, lazima igeuzwe kuwa mistari. Mashine yetu inaitwa Kifuatishi. Inapita juu ya picha, nukta kwa nukta, na kila inapokuta nukta jirani zinazofanana rangi inazishona pamoja kuwa umbo moja, inalizungushia mstari, inalijaza rangi moja bapa. Baada ya hapo haikumbuki tena zile nukta milioni. Inakumbuka tu kwamba hapa mstari unapinda, pale unanyooka, katikati jaza zambarau. Picha iliyokuwa nzito kama gunia la mahindi inakuwa nyepesi kama kiberiti. Kila picha inapewa rangi kumi na mbili, awe tajiri awe kapuku. Na picha ikishafungwa, inakuwa ndiyo sura mpya ya kila aliyemo, sura ambayo malango yote ya nchi yatamtambua nayo, ya kuingia na ya kutoka. Umbo moja, mtu mmoja.

Sasa chukua akina mama kumi na tisa. Wavishe sare, kama ilivyo desturi ya kila kikundi kinachojiheshimu: satini ya zambarau, tupu, bila ua, bila mstari. Wapange bega kwa bega, halafu mwenyekiti wao, Mama Bibiana, ambaye siku hiyo ndiye mama wa bibi harusi, apaze sauti kwamba sogeeni, sogeeni jamani, tuonekane tunapendana. Kifuatishi kiliona zambarau, pembeni yake zambarau, pembeni yake zambarau ileile. Kikashona. Kuanzia Jumamosi jioni, nchi yetu ilikuwa na raia mmoja mwenye mwili mmoja, vichwa kumi na tisa, na mikono thelathini na moja, maana mingine ilifichwa na pochi.

Ningecheka, lakini ilikuwa Jumatatu, na upasuaji wa shangazi ulipangwa Alhamisi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa sita. Daktari wa macho alizunguka mikoa yote na kwetu alifika kwa nadra, na Alhamisi ndiyo siku yake ya mwisho kufungua kisanduku chake cha visu. Foleni ya kumpata ilikuwa imetuchukua miezi kumi na minne. Na picha ya mwanga, ambayo bila hiyo hakuna awezaye kufuatisha upya, mpiga picha aliiweka kwenye faili lilelile alilolifungua Jumatano ya mazoezi ya harusi, na siku saba huhesabiwa tangu faili lifunguliwe, kwa hiyo ingefutwa Jumatano hii saa nne asubuhi.

"Desderia," shangazi akaniambia tukirudi nyumbani, "hivyo vichwa kumi na vinane ni vya akina nani?"

Nikamwambia ni hitilafu ndogo, nitaishughulikia. Mwongo mwenye koti la njano ni mwongo vilevile.

*

Jumanne asubuhi Tupendane walijaribu kujitatulia wenyewe. Walikwishaona cha moto. Lango la soko lilikuwa limewakatalia wote, na mashine ya maji ilimpa Bi Stamili ndoo moja na kumtaka agawane na mwili wake uliobaki. Wakaamua kwenda zahanati kwa pamoja, na sare zao, wakajipange kama kwenye picha, shangazi aingizwe.

Walifika kumi na saba. Mmoja alikuwa amerudi Mahenge kuvuna mpunga, na Mama Siwema alisema hasimami tena karibu na Mama Tatu hata kama ni kwa amri ya serikali, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa jikoni wakati wa kukaanga vitumbua. Kumi na saba hao wakabanana mbele ya lango, wakatabasamu.

"Hujatimia," lango likasema. "Vimebaki vichwa viwili. Pia, mkono wa kushoto wa kichwa cha tatu uinuke kidogo."

Kichwa cha tatu kikainua mkono. Wapita njia wakaanza kusimama kutazama. Bwana mmoja mwenye baiskeli akauliza kama kuna harusi nyingine, akaulizwa na yeye anatoka wapi na maswali yake.

Hapo ndipo walipogeuka kunitazama mimi, mtaalamu. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba kosa ni la keki. Kila picha ina rangi kumi na mbili, nikasema, na mwenyekiti wenu alinijia na sahani mkononi akasisitiza kwamba keki ionekane vizuri: maua yake ya waridi yawe waridi, ukingo wake wa fedha uwe fedha. Rangi zikaliwa na keki. Haikubaki hata moja ya kuonyesha mikunjo ya zambarau, ile mikunjo midogo yenye giza inayotenganisha bega la mtu na bega la mwenzake. Mngekuwa na mikunjo, mngekuwa watu.

Mama Bibiana ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuhutubia bila kipaza sauti. Aliyasikiliza yote hayo kwa makini.

"Mwanangu," akasema, "keki ile niliinunua mimi, nikaibeba mimi. Lakini pilau ulikula wewe."

Akina mama wakaguna. Nilirudi ofisini kichwa chini, ingawa moyoni bado nilikuwa na hakika kwamba keki ndiyo mwizi.

*

Mkuu wangu, Bwana Ngwale, hakushtuka. Hajawahi kushtuka tangu nimfahamu. Alifunga mlango, akasogeza kiti, akatoa kalamu ya mkono kwenye droo ya chini akaiweka mezani kwa upole kama mtu anayetoa dawa. Alisema nichore mstari mmoja kumzunguka shangazi yangu, mwembamba, hata unene wa uzi haufiki, kisha nifunge. Shangazi ataingia zahanati. Wale kumi na wanane wengine, kila mmoja ana ndugu yake, atatafutiwa njia.

Wafuatishaji tunakula kiapo kimoja tu, na ni kifupi: sitachora mstari ambao mwanga haukuuchora. Watu wanakiona cha kitoto. Lakini kabla ya kiapo hicho, kuna mfuatishaji katika mji ambao sitautaja aliyepewa bahasha na mwenye nyumba, akawachora wapangaji sita kuwa sehemu ya ukuta. Walikaa miezi minne hawaingii hospitali, hawaingii dukani, na kila walipolalamika waliambiwa ukuta hauna malalamiko. Mkono unaoweza kumtoa shangazi kwa kalamu unaweza kumzika jirani kwa kalamu hiyohiyo. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, na kwamba juzi alimwaga chai pembeni ya kikombe akajifanya amekusudia.

Nikaitia kalamu mfukoni, nikamwomba Bwana Ngwale anipe mpaka kesho asubuhi nijaribu njia halali kwanza. Akasema njia halali ni nzuri sana kwa wenye muda.

Nilifungua faili nikaanza kupora rangi mojamoja, nione nini kitatokea. Nilipoondoa waridi, maua yaliyomtenga bwana harusi na keki yaligeuka krimu, na kwa kuwa suti ya bwana harusi ni krimu na keki yenyewe ni krimu, bwana harusi aliungana na keki. Kisheria Bibiana angekuwa ameolewa na ghorofa tatu za sukari. Nikairudisha waridi haraka. Nilipoondoa fedha, ukingo wa keki ukawa mweupe, kilemba cha Mama Bibiana nacho kikawa cheupe, gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe tangu mwanzo, na mama, binti na keki wakawa kitu kimoja. Nilipoondoa bluu ya ukutani, Tupendane wote wakaungana na ukumbi. Nilipoondoa nyekundu, watu sabini walipoteza midomo, na kwa nilivyoona huko kwenye zahanati, hilo ndilo pekee lililonishawishi kidogo.

Tena hata ningepata nafasi moja, isingetosha. Kuna sheria ya vivuli sawa. Iliwekwa baada ya waheshimiwa fulani kununua vivuli vya pembeni ili waonekane wembamba. Ukimpa mmoja kivuli, uwape wote waliomo kwenye picha. Zambarau ingehitaji kivuli chake, gauni jeupe chake, suti ya krimu chake. Rangi tatu, na mimi sina hata moja. Niliwaza kutumia nyeusi ya nywele, Kifuatishi kikaikataa, kikasema haikuona weusi huo popote kwenye nguo. Mashine ile ina maadili kuliko ofisi nzima.

Saa tisa alasiri nikafunga, nikaenda nyumbani na kalamu mfukoni.

*

Shangazi alikuwa barazani anachambua maharage kwa vidole, macho ameyaelekeza mtaani. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza kila kitu, pamoja na kalamu. Nilitegemea aseme chora, mwanangu, mimi ni damu yako. Au aseme usichore, nitavumilia. Lolote kati ya hayo lingenipunguzia mzigo. Badala yake akaniuliza swali la kazi.

"Umesema kila nguo inataka kivuli chake. Nani alikudanganya?"

Lazima mjue kwamba shangazi alikuwa mchora mabango. Kwa miaka thelathini alizunguka na ngazi na makopo matano ya rangi, na ukuta wowote wa saluni, bucha au duka la vipuri wa enzi hizo ulipita mikononi mwake. Makopo matano, si kumi na mawili.

Akaniuliza shuka lililoanikwa kwenye kamba ni la rangi gani. Nikasema jeupe. Akasema hivyo ndivyo husema kila mjinga, hebu niangalie upande ule ambao jua halifiki. Nikaangalia. Mwanzoni niliona jeupe lililochafuka. Akaniambia nisiangalie shuka, niangalie rangi. Nikakodoa macho mpaka yakaanza kutoa machozi, halafu ghafla nikaona: upande wa kivuli ulikuwa bluu. Kila mkunjo ulikuwa bluu iliyopauka yenye uzambarau kidogo, na ulikuwa hivyo siku zote, kwenye kila shuka nililowahi kulianika maishani mwangu, na mimi ninayelipwa mshahara kwa ajili ya rangi sikuwahi kuuona.

"Kivuli si giza," shangazi akasema. "Taa kubwa imezibwa, imebaki ndogo. Jua likizibwa linabaki anga, na anga ni bluu. Uvae nyeupe, uvae krimu, uvae hiyo sare yetu ya rangi ya maharage, ukiingia kivulini anga linakupaka kopo lilelile."

"Sare ni ya zambarau, shangazi."

"Ni ya rangi ya maharage. Nimecheza nayo harusi nzima."

Alisema kopo lake la tano lilikuwa la vivuli peke yake. Alichanganya bluu, nyekundu kidogo, na tope la kopo la jana yake, likawa kama bilinganya lililochujuka. Lilipita chini ya tumbo la mbuzi wa bucha, kwenye taya la mteja wa kinyozi, pembeni ya chupa ya soda na chini ya kisigino cha kiatu. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba mbuzi amevaa kivuli cha soda.

Kifuatishi hakiulizi kivuli ni cha nani. Kinauliza tu katika rangi ulizokipa, ipi iko karibu zaidi na ile kilichoiona. Ningekipa bilinganya moja ya kati, kingeipeleka chenyewe kwenye mikunjo ya zambarau, kwenye mikunjo ya gauni, na chini ya makwapa ya suti. Vivuli sawa kwa wote, kwa rangi moja. Na kila mstari ungekuwa umechorwa na mwanga.

Kisha nikatazama tena shuka, nikamtazama na yeye.

"Hiyo bluu, shangazi, wewe unaiona?"

Akatupa haragwe bovu uani. Alisema kwa miaka sita sasa shuka analiona kama limelowekwa kwenye chai, upande wa jua na upande wa kivuli sawasawa.

"Naikumbuka," akasema.

Nilitaka kulia, na nilitaka pia kukimbia ofisini, na nikabaki pale nimeshika magoti.

Ilibaki kupata hiyo nafasi moja. Nikaanza kumtajia rangi za picha, naye akawa anakunja vidole. Zambarau ya sare. Nyeupe ya gauni. Krimu ya suti na keki. Waridi ya maua ya keki. Fedha ya ukingo wa keki na kilemba cha mwenyekiti. Nyekundu ya midomo, bluu ya ukuta, nyeusi ya nywele. Kahawia tatu za ngozi. Nikamalizia kwa kuilaani keki kwa mara ya tano siku hiyo.

"Hizo ni kumi na moja," shangazi akasema.

Nikasema haiwezekani, ni kumi na mbili, nilizijaza mwenyewe. Nikarudia kuzitaja. Akakunja tena vidole.

"Kumi na moja. Na keki umeshaitaja, mwanangu, usiitaje tena. Kopo la kumi na mbili liko wapi?"

Nyani haoni kundule. Kopo la kumi na mbili nilikuwa nimelivaa.

Pale kwenye picha, pembeni ya keki, nilikuwepo mimi. Hakuna aliyeniita. Mpiga picha alipohesabu moja, mbili, nilijisogeza nikasimama karibu na meza, kidevu juu, koti la njano limenyooshwa pasi. Na usiku ule wa kufuatisha sikukubali lipotee. Nililipa rangi nzima peke yake. Watu kumi na tisa walikosa mikunjo ya mabega yao ili mimi niwe na koti. Halafu nikasimama mbele yao hadharani nikailaumu keki ya mwanamke aliyenipa chakula.

Nilimwambia shangazi, kwa sauti ndogo sana. Akaendelea kuchambua maharage yake. Nilidhani atanikaripia.

"Kumbe ni la njano?" akasema. "Miaka yote hii nilidhani umevaa koti jeupe."

*

Kurekebisha picha iliyofungwa kuna fomu yake, na fomu ina safu ya sababu. Jumatano saa tatu asubuhi nilijaza. Kwenye safu ya rangi iliyoongezwa niliandika: kivuli, kwa wote. Kwenye safu ya rangi iliyoondolewa niliandika: njano. Kwenye safu ya kwa nini rangi hiyo ilitumika awali kalamu ilinigoma. Nikaandika kwamba kulikuwa na mahitaji ya kiufundi. Nikafuta. Nikapiga moyo konde nikaandika: nilitaka kuonekana.

Bwana Ngwale aliisoma mara mbili. Akanikumbusha kwa wema kabisa kwamba ile kalamu bado ninayo, kwamba mstari mmoja haungehitaji fomu, na kwamba fomu hii itasomwa Dodoma na watu wasionijua, ambao watacheka. Nikamrudishia kalamu yake. Sitasema kwamba nilijisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu aliyetoka nje bila nguo.

Saa nne kasoro dakika kumi na mbili Kifuatishi kilianza. Kilipita ukutani, kikapita kwenye meza kuu. Kilipofika kwa Tupendane kikapunguza mwendo. Uzi wa bilinganya ukatokea kati ya bega la Bi Stamili na bega la Mama Tatu, ukateremka mpaka kiunoni. Ukatokea mwingine, na mwingine. Zambarau ile kubwa ikapasuka taratibu kama mkate unaomegwa, na kila kipande kikawa na kichwa chake. Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. Wa kumi na moja alikuwa shangazi Leokadia, mtu kamili, pochi imemziba tumbo. Kidevuni kwake kulikuwa na doa dogo la bilinganya, mahali ambapo satini ilirudisha rangi yake juu.

Bwana harusi alibaki mtu na keki ikabaki keki.

Koti langu, likiwa halina kopo, likatafuta rangi ya karibu. Likapata krimu. Na kwa kuwa nilisimama nikiegemea meza, koti likigusa keki, hakukuwa na kitu cha kunitenganisha na ghorofa ya chini. Kifuatishi kikashona. Kisheria, kuanzia saa nne kasoro dakika tatu, mimi Desderia Mloka nilikuwa keki.

Nikafunga kwa muhuri. Bwana Ngwale akanyoosha mkono, nikavua koti nikampa. Miezi mitatu bila kazi, akasema. Alilikunja vizuri kabla ya kuliweka kabatini.

*

Alhamisi lango lilimwangalia shangazi kuanzia kilemba hadi kandambili, likasema, "Karibu, mama." Akapita bila kugeuza hata shingo, kama mtu ambaye hakuwahi kukataliwa. Nikamfuata.

"Samahani, dada. Hujatimia. Imebaki keki."

Nilibaki nje siku hiyo nzima. Wauguzi walinionea huruma, wakanipungia mkono dirishani kunijulisha kwamba amemaliza salama. Lakini Ijumaa ndiyo siku ya kufunguliwa bandeji, na nilikuwa nimemwahidi tangu miezi kumi na minne iliyopita kwamba nitakuwa mbele yake.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya lango, sijui la kufanya, nilipomwona Mama Bibiana akija na beseni kichwani. Hatukuwa tumezungumza tangu Jumanne. Nikasimama, nikamwamkia shikamoo, nikaanza kuomba msamaha kwa mpangilio niliouandaa, keki kwanza, pilau baadaye. Akanikatiza kwamba ile fomu yangu ya Dodoma imeshasomwa na mji mzima, nisijichoshe. Akatua beseni. Ndani, chini ya kitambaa, kulikuwa na keki ya wazazi, ile ghorofa ya juu ambayo kwa desturi hukabidhiwa wazazi waende nayo nyumbani. Alikuwa ameitunza kwenye friji na haijaguswa, na ukingo wake wa fedha ulikuwa ukimetameta.

"Hii nilipanga niikate na wakwe zangu Jumapili," akasema. "Nenda kamwone shangazi yako."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Lango lilitutazama mimi na keki kwa muda mrefu. Malango yameruhusiwa kuvumilia mtu akipungua mwili, ndiyo bahati. "Umepungua sana," likasema hatimaye. "Pole. Karibu."

Shangazi alikuwa ameketi kitandani. Muuguzi alifungua bandeji taratibu, akamwambia asiharakishe. Shangazi akafumba, akafumbua. Kitu cha kwanza alichokiona ni sare yake, iliyokunjwa kwenye kiti, maana aligoma kuja zahanati na nguo nyingine baada ya yote yaliyotokea. Akaitazama. Akainyooshea kidole.

"Zambarau," akasema.

"Tulikwambia."

"Hamkuniambia ni zambarau *hii*."

Akaniita nisogee. Nikaiweka keki mezani nikasogea. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza upande wa dirisha kama anavyokagua nyanya sokoni, akanitazama paji la uso, macho, mashavu, polepole, eneo kwa eneo. Alisema nimezeeka. Alisema nina mvi mbili upande wa kushoto na sasa nimeota kidevu cha marehemu kaka yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Na chini ya kidevu hicho, akasema, kuna bluu.

Kisha akaiona keki, akauliza imetoka wapi. Nikamweleza. Akaomba kisu.

Nikamwambia haiwezekani. Lango la kutokea nalo linasoma. Keki hii tukiila, mimi nitakuwa sijatimia, na sitaweza kutoka humu ndani mpaka ofisi initolee kibali, na vibali hutolewa Jumatatu tu.

Shangazi akaegemea mto. Alitazama shuka la kitanda, upande wa jua na upande wa kivuli, akatazama mlima nje ya dirisha, akarudi kwangu.

"Basi tukae, mwanangu," akasema. "Mimi nina mengi ya kutazama."

Nikaenda kumwomba muuguzi kisu.